Rimoti ya Kamera Isiyo na Waya: Iulize Kamera Kwanza

Anayetaka kupiga picha bila kuigusa kamera huanza na swali linaloonekana jepesi: rimoti ipi ni nzuri? Majibu humjia mengi, tena yanayogongana. Mmoja atamwambia achukue ile ndogo yenye betri bapa ya duara, haina makuu. Mwingine atamwambia asipoteze hela, simu yake inatosha. Wa tatu atawacheka wote wawili na kusisitiza ya redio, ile iliyoandikwa mita 100 kwenye boksi. Huenda wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anaizungumzia kamera yake mwenyewe.

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. "Rimoti isiyo na waya" huitwa vifaa vya aina nne: vya infraredi, vya redio, vya Bluetooth, na simu inayoongoza kamera kwa Wi-Fi. Kazi yao inafanana, lakini havielewani hata kidogo. Kamera inayoitikia kimoja inaweza kuwa kiziwi kwa vingine vitatu, na umbali uliochapwa kwenye boksi hautaiponya uziwi huo. Ndiyo maana makala hii inaanzia kwenye kamera na kuliacha duka lisubiri.

Watu hutafuta rimoti kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mtikisiko. Kamera ikiwa juu ya tripodi na picha inachukua sekunde nzima au zaidi, kidole kinachobonyeza kitufe kinatosha kuifanya itoke na ukungu. Ya pili ni kwamba mpigaji hayupo nyuma ya kamera: yumo ndani ya picha ya familia, au amejificha mbali ili ndege asiruke, au kamera iko juu ya mlingoti asikoweza kufika.

Kama shida yako ni mtikisiko peke yake, funga pochi kwanza. Karibu kila kamera ina kipima muda cha ndani, kwa kawaida cha sekunde 2 na cha sekunde 10. Chagua sekunde 2, bonyeza, toa mkono. Kamera inatulia kisha inapiga. Kwa mandhari, majengo na vitu vilivyowekwa mezani, hiyo inatosha kabisa na haigharimu kitu. Pale kipima muda kinaposhindwa ni kwenye matukio yasiyosubiri: wimbi linapopasuka kwenye mwamba, mtoto anapocheka. Hapo unahitaji kubonyeza wakati ule ule, bila kuigusa kamera.

Nini hutokea unapobonyeza

Kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu, kamera inatafuta fokasi na kupima mwanga. Ukikizamisha chote, inapiga. Baadhi ya rimoti zinaiga hatua zote mbili; nyingine zina mbonyezo mmoja tu, na kamera inafanya yote kwa mpigo. Tofauti hii inaonekana ndogo dukani, lakini nyingi ya zile lawama za "rimoti mbovu" huzaliwa hapo, kama tutakavyoona.

Maneno mawili yatatusaidia katika safari yote iliyobaki. Kitumaji ni kile unachokishika mkononi. Kipokezi ni kile kinachoisikia amri upande wa kamera. Mnunuzi huwa anakitazama kitumaji, kwa kuwa ndicho kina vitufe na ndicho kinachopendeza, wakati kinachoamua mambo ni kipokezi na mahali kilipo. Kwa infraredi, Bluetooth na Wi-Fi, kipokezi kimo ndani ya kamera tangu kiwandani. Kama hakimo, hakimo. Kwa redio, unakuja nacho mwenyewe na kukichomeka kwenye tundu la kamera, kwa hiyo hata kamera ya zamani isiyojua Bluetooth ni nini inaweza kuongozwa kwa redio, mradi tundu lipo.

Tazama mfano wa kamera mbili za kampuni moja. Canon EOS 800D iliyotoka 2017 ina kidirisha cha infraredi, ina tundu la jeki ya milimita 2.5, ina Bluetooth na ina Wi-Fi. Mwenye nayo anachagua anachotaka katika aina zote nne. EOS 2000D iliyotoka mwaka uliofuata ina tundu na Wi-Fi, lakini haina kidirisha cha infraredi wala Bluetooth. Rimoti ya infraredi aina ya RC-6, ya Canon wenyewe, itaipigisha picha ile ya kwanza bila tatizo. Kwenye hii ya pili utabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Kwa hiyo anayekwambia "hii ni ya Canon, itafanya" bado hajakwambia kitu.

Kitabu cha maelekezo cha kamera yako, ambacho kampuni karibu zote huweka bure mtandaoni, kina sehemu ya vifaa vya ziada. Humo rimoti zinazokubalika hutajwa kwa majina. Dakika tano za kuisoma hiyo zinaokoa fedha kuliko ushauri wa marafiki kumi.

Infraredi: rahisi, na yenye haya ya jua

Hii ndiyo teknolojia ile ile ya rimoti ya televisheni. Kitumaji kinatoa mapigo ya mwanga usioonekana kwa jicho, na kidirisha kidogo cheusi au chekundu mbele ya kamera, mara nyingi kwenye kishikio, kinayasoma. Canon RC-6 na Nikon ML-L3 ni mifano inayojulikana sana. Zote mbili hufika kama mita 5, ni ndogo na nyepesi, na betri zake bapa hudumu muda mrefu kwa sababu hazifanyi kazi yoyote mpaka ubonyeze.

Kwa kuwa ni mwanga, lazima uone njia. Kidirisha kikiwa mbele na wewe uko nyuma ya kamera, amri haifiki. Ndani ya chumba chenye kuta nyeupe mwanga hudunda na kukuokoa, lakini uwanjani hakuna cha kudundia. Baadhi ya kamera za Nikon, kama D7000, zilipewa kidirisha cha pili nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Jua nalo lina infraredi tele, hivyo mchana kweupe kidirisha kinaweza kushindwa kuitofautisha amri yako na kelele za jua, na zile mita 5 zikapungua sana. Kukitilia kivuli kwa kiganja mara nyingi kunasaidia.

Infraredi pia haina uoanishaji, yaani kutambulishana rimoti na kamera moja maalumu. Haijui mmiliki wake. Wapiga picha wawili wenye kamera zinazoitikia rimoti ya aina moja wakisimama karibu karibu ukumbini, mmoja anaweza kuipigisha kamera ya mwenzake bila kujua. Ukiona kamera yako inapiga picha yenyewe, tafuta aliye jirani kabla hujatafuta mganga.

Kuna jambo jingine linalowatesa wageni: kamera haikai ikisikiliza infraredi muda wote. Lazima uiweke kwenye hali ya rimoti katika menyu ya namna ya kupiga, pale palipo pia kipima muda. Na kwenye kamera nyingi hali hiyo hujifunga yenyewe baada ya dakika chache zisipokuja amri, ili kulinda betri. Mtu anapanga ukoo mzima, anarudi mahali pake, anabonyeza, kimya. Rimoti nzima, kamera nzima, muda ndio ulioisha. Tafuta kwenye menyu mahali pa kuurefusha muda huo kabla watu hawajajipanga.

Unashuku rimoti yenyewe imekufa? Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza, tazama skrini. Kamera nyingi za simu huuona mwanga wa infraredi na utaonekana kama nukta yenye kumetameta, ya zambarau au nyeupe. Kamera ya nyuma ya simu huwa na kichujio kikali zaidi na inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo usiihukumu rimoti kwa hiyo peke yake.

Infraredi inaondoka. Kamera nyingi mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) hazina tena kile kidirisha. Nafasi yake imechukuliwa na Bluetooth. Kama unanunua kamera mpya leo, usinunue rimoti ya infraredi kwa mazoea tu.

Redio: nguvu ipo, mtego uko kwenye plagi

Rimoti ya redio inakuja kama jozi. Kitumaji unakishika, kipokezi kinakaa juu ya kamera na waya mfupi unakwenda hadi kwenye tundu la ubavuni. Ndiyo, rimoti "isiyo na waya" ina waya, na waya huo ndio unaostahili umakini wako wote.

Ndani yake kuna mambo mepesi mno. Kwenye kamera nyingi tundu la rimoti lina nyaya tatu za kazi: moja ya pamoja, moja ya fokasi, moja ya kupiga. Ya fokasi ikiguswa na ile ya pamoja, kamera inafokasi. Ya kupiga ikiguswa, inapiga. Kipokezi cha redio ni swichi tu, inayogusisha nyaya hizo kwa niaba ya kidole chako. Kwa sababu hiyo kifaa kile kile kinaweza kutumika kwa kamera za kampuni mbalimbali. Kinachobadilika ni waya wa kuunganishia.

Na hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu plagi hazifuati mantiki inayotabirika. Canon wana plagi ya N3 yenye pini tatu na kizuizi cha kuifunga, na wana ya E3 ambayo ni jeki ya milimita 2.5. EOS R5 inatumia N3. EOS R6, iliyotangazwa pamoja nayo 2020, inatumia E3. Nikon nao wana tundu la duara lenye pini kumi kwenye kamera kama D850 na Z9, na tundu jingine dogo la mstatili kwenye D750 na Z6. Sony walihamia kwenye tundu linalofanana na la USB ndogo kwa kamera kama a7 III. Panasonic wanatumia jeki ya milimita 2.5 inayofanana kwa macho na ya Canon, lakini ndani amri zinatofautishwa kwa vizuizi vya umeme, hivyo waya wa Canon utaingia vizuri kabisa na usifanye kazi inavyopaswa. Jeki ya spika za masikioni za simu, ya milimita 3.5, haihusiki hapa hata kidogo.

Kwa hiyo usinunue kwa kutaja kampuni. Taja namba ya modeli, kisha thibitisha plagi kwa macho. Uzuri ni kwamba ukikosea, au ukibadilisha kamera, mara nyingi unanunua waya mwingine tu na kipokezi kinabaki.

Upande wa masafa utakutana na mawili mara nyingi: megahezi 433 na gigahezi 2.4. Mawimbi ya megahezi 433 ni marefu, kama sentimita 69, na hupenya na kuzunguka vizuizi kwa urahisi zaidi. Ya gigahezi 2.4 yana urefu wa kama sentimita 12.5, na mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyameza vizuri tu. Hata hivyo 2.4 inaruhusiwa karibu kila nchi, wakati masafa ya chini zaidi hutegemea sheria za mahali. Ndiyo maana kampuni zinazouza dunia nzima huipenda. Ziko pia za kampuni zenyewe, kama Nikon WR-R10 na WR-T10, zinazotumia 2.4 na kufika kama mita 20.

Zile mita 100 za kwenye boksi? Zimepimwa mahali pa wazi, hakuna kinachozuia, betri mpya. Weka ukuta, umati wa watu, au chuma cha gari katikati, na hesabu inabadilika. Mimi ningeichukulia namba hiyo kama kilele cha siku njema na kupanga kazi yangu kwa nusu yake au chini. Wala mtu anayepiga picha ya familia hahitaji mita 100. Akiwa huko kamera haitamwona.

Rimoti nyingi za redio zina namba za chaneli, mara nyingi 16, ili jirani asikuingilie. Kitumaji na kipokezi lazima viwe kwenye chaneli moja. Tena, tofauti na infraredi, kipokezi hiki kinakula betri zake muda wote kikiwa kimewashwa. Ukikisahau usiku kucha, asubuhi utakikuta kimezima.

Sasa kuna kosa linalostahili kusimama nalo kidogo, kwa sababu hata wauzaji hulifanya. Vifaa vya redio vya kuwashia flashi na rimoti za kupigia picha vinafanana sura, vinakaa mahali pamoja juu ya kamera, na mara nyingi huuzwa kabati moja. Lakini amri zake zinakwenda pande tofauti. Kwenye rimoti, amri inatoka kwako kwenda kwa kamera: piga. Kwenye kifaa cha flashi, amri inatoka kwa kamera kwenda kwa flashi: nimepiga, waka. Ile reli ya juu inapokaa flashi inajua kusema "nimepiga"; kwa kawaida haijui kupokea "piga". Kwa hiyo kipokezi cha rimoti kinapokaa pale kinashikiliwa tu. Amri inapita kwenye waya wa ubavuni. Ukimwona mtu amekiweka juu, hajachomeka waya, na analalamika kwamba hakifanyi kazi, umeshajua. Viko vifaa vinavyofanya kazi zote mbili, Yongnuo RF-603 ukiwa mfano mmoja, lakini navyo vinahitaji ule waya ili viipigishe kamera.

Bluetooth: mrithi wa infraredi

Rimoti za Bluetooth za kampuni za kamera ni ndogo, zina betri bapa, na hazihitaji kuona njia. Unaweza kusimama nyuma ya kamera au kuiweka rimoti mfukoni. Canon BR-E1 hufika kama mita 5. Nikon ML-L7 kama mita 10. Sony wana RMT-P1BT. Kwa kuwa zinaoanishwa na kamera moja, yule jirani wa ukumbini hawezi kukupigia picha.

Uoanishaji hufanywa mara moja, ndani ya menyu ya kamera. Kosa la kawaida ni kuifanya kazi hiyo kwenye menyu ya Bluetooth ya simu. Rimoti hii haina habari na simu yako. Inaongea na kamera moja kwa moja. Kwenye baadhi ya kamera simu na rimoti hazitumii Bluetooth kwa wakati mmoja, unachagua mojawapo, hivyo anayezoea kuhamishia picha kwenye simu papo hapo asishangae mambo yakikatika baada ya kuoanisha rimoti.

Kuwa na Bluetooth kwenye kamera si uthibitisho kwamba itaikubali rimoti ya Bluetooth. Kamera kadhaa ziliwekewa Bluetooth kwa ajili ya simu tu. Orodha ya modeli zinazokubalika ipo kwenye ukurasa wa rimoti wa kampuni husika, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa, kuliko neno "Bluetooth" kwenye boksi la kamera.

Simu na Wi-Fi: unaona, lakini unasubiri

Hapa ndipo dhana potofu iliyoenea kuliko zote inapokaa: kwamba ukitumia simu kuongoza kamera, utakula bando, na kwamba mahali pasipo na mtandao haiwezekani. Si kweli. Kamera inatengeneza mtandao wake mdogo wa Wi-Fi, simu inajiunga nao, na vyote viwili vinazungumza bila intaneti yoyote. Intaneti unaihitaji siku ya kwanza tu, kupakua programu: Camera Connect kwa Canon, SnapBridge kwa Nikon, Creators' App kwa Sony, XApp kwa Fujifilm. Ipakue nyumbani, usisubiri ufike porini.

Simu yenyewe huchangia uvumi huo. Ikishajiunga na mtandao wa kamera inagundua hauna intaneti, inatoa onyo, na nyingine zinaamua zenyewe kurudi kwenye data ya simu. Mtu anaona muunganisho umekatika na kuilaumu kamera. Ukipata swali la kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, jibu ni ndiyo. Na ikiendelea kukimbia, zima data kwa muda.

Unachopata kwa simu hakipatikani kwa rimoti nyingine yoyote kati ya hizi: unaiona picha kabla hujaipiga. Kwenye kamera nyingi unaweza kugusa skrini ya simu kuchagua pa kufokasi, kubadili ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kasi na tundu la lenzi, kisha kuitazama picha iliyotoka. Kamera iliyo juu ya mlingoti au chini kabisa kwenye majani inafikiwa hivyo. Kwa mtu anayejipiga mwenyewe video akiwa peke yake, kuona kama kichwa kimekatwa ni jambo kubwa.

Gharama yake ni betri na wakati. Wi-Fi na skrini vikiwaka pamoja hunyonya betri ya kamera na ya simu kwa kasi. Picha unayoiona kwenye simu inachelewa kidogo nyuma ya tukio, na amri nayo inachelewa kurudi. Kwa jengo haijalishi. Kwa ndege anayeruka kutoka tawini, utapiga tawi.

"Rimoti imeharibika"

Sentensi hii mara nyingi husemwa juu ya rimoti nzima. Sababu ya kwanza ni fokasi. Kamera nyingi, zikiwa kwenye fokasi ya kujiendesha, hukataa kupiga mpaka zione kitu cha kushika. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya kamera, mbele hakuna mtu, umeondoka, giza limeingia, unabonyeza: kamera inahangaika na kukataa. Dawa ni kufokasi kwanza mahali watu watakaposimama, kisha kuigeuza fokasi iwe ya mkono ili isitafute tena. Baada ya hapo hata rimoti ya mbonyezo mmoja inapiga papo hapo.

Sababu ya pili ni usingizi wa kamera. Kamera iliyozimika yenyewe kulinda betri inaweza isiamshwe na rimoti ya Bluetooth wala Wi-Fi. Ya redio kwa kawaida inaweza kuiamsha, kwa kuwa kwa kamera huo ni mbonyezo wa kitufe kama mwingine, mradi swichi kuu imewashwa.

Lipo pia tatizo ambalo halionekani kabisa kuwa la rimoti. Kwenye kamera za DSLR, yaani zile zenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye tundu la kuchungulia, usipokuwa umeweka jicho kwenye tundu la kuchungulia, mwanga huingia kwa nyuma na kuipotosha kamera inapopima, hasa jua likiwa mgongoni mwake. Picha zinatoka na giza, na mtu hajui kwa nini, kwani alipopiga kwa mkono zilikuwa sawa. Kamera nyingi za Canon zilikuja na kifuniko kidogo cha mpira kilichofungwa kwenye mkanda wa shingoni kwa ajili ya hili hili. Wengi hudhani ni pambo. Kitambaa cheusi kinatosha. Kamera zisizo na kioo hazina shida hiyo.

Na rimoti haiondoi mtikisiko wote. Ndani ya DSLR kuna kioo kinachoinuka kwa kishindo kabla ya picha, na katika kasi za katikati, kama sehemu ya kumi ya sekunde, kishindo hicho huonekana kwenye lenzi ndefu. Rimoti haikigusi. Kinachosaidia ni kuchagua kioo kiinuke mapema, au kupiga ukitumia skrini ya nyuma.

Kuoanisha kazi na chombo

Kwa picha za nyota na mwanga wa usiku, kamera nyingi zinaishia sekunde 30. Zaidi ya hapo unahitaji hali ya Bulb, ambapo shata (pazia la ndani linaloruhusu mwanga) hubaki wazi muda wote amri ikishikiliwa. Tafuta rimoti yenye kufuli ya kitufe, au ile yenye kipima muda inayoweza kupangiwa urefu wa kila picha na nafasi kati yake. Kabla ya kulipia hiyo ya pili, angalia menyu: kamera nyingi za sasa zina kipanga vipindi cha ndani. Na kwa usiku mrefu mimi singeona aibu kununua ya waya. Ni ya bei ndogo, haina betri ya kuisha saa nane za usiku, na uko hapo hapo kando ya tripodi.

Kwa picha ya kundi, infraredi au Bluetooth inatosha, na hila ya wazoefu ni kuchelewesha sekunde 2 ili upate nafasi ya kuificha rimoti. RC-6 ina swichi ya kazi hiyo hiyo. Kwa ndege na wanyama, redio: unaketi mbali, na ile hatua ya nusu inakuwezesha kuiamsha kamera kabla mnyama hajafika. Kwa video, kuwa mwangalifu. Ile swichi ya redio inajua fokasi na kupiga tu, na kamera nyingi hazianzishi video kwa amri ya kupiga picha. BR-E1 na RMT-P1BT zinaweza kuanzisha video kwenye kamera zinazoruhusu, na simu inaweza pia.

Unapokwenda kununua, nenda na kamera yenyewe ikiwa na betri iliyojaa. Iweke fokasi ya mkono, simama mbele, kisha nyuma, kisha mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, na upige kila mahali. Rudisha fokasi ya kujiendesha, bonyeza nusu, uone kama lenzi inazunguka. Kwa ya redio, chomoa waya na kuuchomeka tena mara mbili tatu uone kama unakaa imara, kwa sababu plagi inayolegea dukani haitakaza nyumbani. Iache kamera ilale, kisha ujaribu kuiamsha kwa rimoti. Muuzaji atachoka kidogo, lakini atakuwa hajapata mteja wa kurudi kesho na boksi lililofunguliwa.